Nyumba 951 Juu ya Mlima

Hotuba hii niliitoa kwa Waswahili wenzangu wa Cardiff siku chache kabla ya safari yetu ya Penrhys. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, ila nimepunguza mizaha iliyohusu watu waliokuwemo ukumbini.

Wazee wetu, shikamooni. Kaka zangu na dada zangu, habari za jioni. Na nyie watoto mliojisogeza karibu na meza ya sambusa, nawaona.

Jumamosi tunapanda Penrhys, ule mtaa ulioko juu ya mlima wa Rhondda. Tangu tangazo litoke nimeulizwa kwa nini Penrhys, wakati Wales imejaa ngome na fukwe, na mtu akishalipa nauli anataka apige picha za kutuma nyumbani. Mmoja wenu, simtaji, kaniambia, "Dada, kule si kwenye zile nyumba za kaunsili, za kupangishwa na halmashauri, zilizobomolewa? Tunakwenda kutazama nini?" Leo namjibu huyo.

Mimi Penrhys sikuijua kwa kusoma. Nilipofika nchi hii nilibeba boksi kama wengi wenu, kisha nikaingia kwenye kea. Nikapangiwa wazee wa bonde la Rhondda, na mmoja wao alikuwa juu ya mlima. Asubuhi ya kwanza basi lilipanda kona baada ya kona, vioo vimeziba ukungu, ndani tuko watu watatu. Nikamwambia dereva anishushe Penrhys. Akasema ndiyo hapa, mpenzi. Nikashuka, sioni kitu. Nikasikia kitu kinatafuna. Nilikaza macho nikamwona kondoo, kichwa chote kimezama ndani ya pipa la taka la mtu. Nikasogea kumkwepa, na ukungu ukafunguka kidogo, nikaona mwanamke wa jiwe jeupe, mrefu, amempakata mtoto, kasimama peke yake kwenye majani. Nilitoka mbio. Baadaye nilielezwa kwamba yule ndiye mwenyeji wa mlima, na nyumba ndizo zilizomfuata.

Basi nianze naye.

Rhondda ni mabonde mawili, Rhondda Fawr na Rhondda Fach, kubwa na dogo, na Penrhys imekaa juu ya mgongo wa mlima unaoyatenganisha, zaidi ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Zama za kati ardhi ile ilikuwa ya watawa wa abasia ya Llantarnam. Palikuwa na kisima kilichoaminika kuponya, na palikuwa na sanamu ya Bikira Maria. Watu wa zamani walisimulia kwamba sanamu ile ilishuka kutoka mbinguni ikakaa kwenye matawi ya mwaloni, na kwamba walifungwa ng'ombe wanane waivute wakaipeleke kwingine, ng'ombe wakashindwa. Hawakuwa na la kufanya ila kuijengea kanisa palepale. Washairi wa Kiwelisi wa karne ya 15 na ya 16, akina Gwilym Tew na Lewys Morgannwg, waliitungia mashairi. Mahujaji walipanda kwa miguu wakitoka mbali, vilema na vipofu wakiwamo. Miaka mia tano iliyopita, mtu akikwambia anakwenda Penrhys ungemwomba akuombee.

Mwaka 1538, Mfalme Henry wa Nane alipokuwa anavunja nyumba za watawa, waziri wake Thomas Cromwell aliagiza sanamu ile iondolewe, tena kwa siri, maana walijua watu wa pale wasingenyamaza. Ikapelekwa London ikachomwa moto pamoja na sanamu za mahali pengine palipokuwa na sifa kama hiyo. Askofu Hugh Latimer aliziita hizo sanamu dada, akamwandikia Cromwell kwa kejeli kwamba zingependeza sana zikikusanyika Smithfield. Smithfield ndipo watu walipokuwa wakichomwa.

Huyo wa jiwe niliyemkimbia mimi aliwekwa mwaka 1953. Kisima bado kipo, chini kidogo, kimejengewa kijumba cha mawe. Mwanzoni mwa karne ya 20 mlima ule ulipewa kazi nyingine: wakajenga hospitali ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Kwa hiyo ni mahali ambapo watu walipanda kuomba uzima, halafu wakapandishwa wengine ili wasiwaambukize wenzao. Nyumba zilikuja baada ya hayo yote.

Sasa tushuke bondeni, maana huwezi kuelewa nyumba za juu bila kuziona za chini. Rhondda iliishi kwa makaa ya mawe. Mwaka 1921 ilikuwa na watu zaidi ya 160,000 waliobanana kwenye mabonde yale mawili membamba. Nyumba zilipangwa safu ndefu ubavuni mwa mlima, zimegusana ukuta kwa ukuta kama mabehewa ya garimoshi. Mnaziona hadi leo mkipita Treorchy au Tylorstown. Ni nzuri kwa picha. Lakini nyingi, hata miaka ya 60, hazikuwa na bafu na choo kilikuwa uani.

Mzee wangu, yule niliyekuwa nakwenda kumhudumia, alizaliwa kwenye nyumba kama hiyo. Baba yake alikuwa mchimbaji, naye akawa mchimbaji. Alinielezea beseni la bati lililotundikwa kwenye msumari uani. Jioni linashushwa, linawekwa mbele ya moto, mama anamwagia maji aliyochemsha kwenye jiko, baba anakaa humo mweusi wote, na mama anamsugua mgongo. Akimaliza baba, wanafuata wengine kwa maji yaleyale. Nikamwambia, mzee, hata sisi kwetu tumeoga kwenye beseni. Akaniuliza kama kwetu kuna makaa ya mawe. Nikasema yako, lakini si nyumbani kwetu. Akasema, basi maji yenu yalikuwa masafi.

Halmashauri ya Rhondda ilikuwa na familia nyingi zinazosubiri nyumba na haikuwa na ardhi tambarare. Bondeni pote pamejaa: mto, reli, barabara, mgodi, nyumba, kifusi. Wakatazama juu. Ujenzi ulifanyika katika nusu ya pili ya miaka ya 60, na mtaa ukafunguliwa rasmi mwaka 1968 ukiwa na nyumba 951. Kwa wakati ule ulikuwa miongoni mwa miradi mikubwa kabisa ya nyumba za kaunsili Wales nzima. Zilijengwa kwa safu zinazofuata mteremko, nyingine juu ya nyingine. Na palijengwa boila moja kubwa ya kupasha joto mtaa mzima, inayochoma makaa ya mawe. Ilikuwa na mantiki yake, maana makaa yapo chini ya miguu yao na wachimbaji ndio wapangaji.

Napenda niseme jambo hapa, kwa sababu hadithi ya Penrhys ukiisikia kwa watu inaanzia kwenye ubomoaji, kana kwamba hakuna aliyewahi kufurahi pale. Mzee wangu na mkewe walihamia wakiwa na watoto wawili wadogo. Siku ya kwanza mkewe aliingia bafuni, akafungua bomba la moto, akajifungia. Ikapita nusu saa. Ikapita saa nzima. Watoto wakaanza kulia, wakidhani mama ameanguka. Mzee akagonga mlango. Mama akajibu kutoka ndani, "Niacheni. Maji hayajaisha." Aliniambia hadithi hii mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na kila mara aliigiza sauti ya mkewe, na kila mara alicheka kabla hajafika pale pa maji. Yule mama alikuwa ameshafariki miaka mingi.

Kwa hiyo mtu akiniambia zile nyumba zilikuwa kosa tangu siku ya kwanza, namuuliza yeye alizaliwa na bafu?

Kosa lilikuwa kwenye hesabu. Walihesabu nyumba, wakasahau kuhesabu upepo. Kule juu mvua hainyeshi kwa kushuka, inakuja kwa ubavu. Mama mwenye gari la mtoto, akikosa basi, ana mteremko mkali wa kushuka na mlima uleule wa kupanda akiwa na mifuko. Maduka yalikuwa machache, na penye duka moja bei anaipanga mwenye duka. Ile boila nayo, joto la pamoja lina tabia moja: likigoma, limegoma kwa wote, na ukisikia joto sana huna la kufanya ila kufungua dirisha.

Lakini haya yote yangevumilika kama kazi ingekuwapo. Na kazi ndiyo ilikuwa inaondoka wakati nyumba zinajengwa! Mwaka 1965 mgodi wa Cambrian ulilipuka ukaua watu 31, na haukudumu baada ya hapo. Mwaka 1966 ilifungwa migodi ya Parc na Dare. Fernhill ikafuata mwaka 1978, Lewis Merthyr mwaka 1983. Kisha ukaja ule mgomo mkubwa wa 1984 na 1985, mwaka mzima bila mshahara. Maerdy, juu kabisa ya bonde dogo, walirudi kazini kwa maandamano na bendi, vichwa juu. Makaa ya mwisho kutolewa kupitia mgodi wa Rhondda yalitoka mwaka 1986, na Maerdy yenyewe ikafungwa Desemba 1990. Mahali palipowahi kuwa na migodi zaidi ya hamsini hapakubaki hata mmoja. Mtaa uliojengwa kwa ajili ya wachimbaji ukawa hauna wachimbaji, ukiwa juu ya mlima, na nauli ya basi kwenda kutafuta kazi nyingine.

Waliokuwa na uwezo wa kushuka walishuka. Nyumba zikabaki tupu, na nyumba tupu kwenye upepo ule haikai. Madirisha yakapigwa mbao. Kaunsili ikawa inawapeleka huko watu wasio na pengine pa kwenda, wakiwa na shida zao tayari, halafu magazeti yakasema ni Penrhys iliyowaharibu. Sheria ya mwaka 1980 iliwaruhusu wapangaji wa kaunsili kununua nyumba zao kwa bei nafuu. Kwingine Uingereza na Wales watu walijinunulia. Lakini nani atanunua nyumba ambayo jirani yake wa kulia na wa kushoto ni mbao?

Binti wa mzee wangu aliniambia kwamba alipokuwa anatafuta kazi ujana wake, barua zote aliandika anwani ya shangazi yake wa Ystrad, palepale chini, mwendo wa dakika chache kwa gari. Akiweka ya Penrhys hajibiwi. Hilo halikunishangaza. Wapo humu ndani ambao jina lao kwenye fomu za kazi si lile nililowajua nalo Tanga. Nacheka, lakini mnajua ninachosema.

Miaka ya 90 zilianza kubomolewa, safu kwa safu. Leo zimebaki kama 300. Ukifika utaona majani mengi katikati ya nyumba, mapana, ya kijani, kama viwanja vya mpira visivyo na magoli. Hapo palikuwa na watu.

Sasa nije kwenye jengo ninalotaka mlione kwa makini, nalo ni la ghorofa, halina urembo wowote kwa nje. Linaitwa Llanfair, maana yake kanisa la Maria. Wakristo wa madhehebu mbalimbali pale mlimani walikuwa wanasali pamoja tangu mapema, bila kanisa la kueleweka. Mwaka 1986 akaja mchungaji John Morgans na mkewe Norah. Huyu hakuwa mchungaji mdogo aliyekosa pa kupangiwa, alikuwa ametoka kuliongoza kanisa lake katika Wales yote. Wakahamia Penrhys wakaishi humohumo, kwenye nyumba za mtaa. Wengi wenu mmeshakutana na watu wa huduma za jamii wanaokuja saa tatu na kuondoka saa kumi na moja. Kukaa usiku ni jambo lingine.

Badala ya kujenga kanisa jipya lenye mnara, walichukua jengo la fleti lililokuwa limeachwa wakaligeuza. Lilifunguliwa mwaka 1992. Ndani pana mahali pa ibada, ndiyo, lakini pana na mkahawa, na duka la nguo za mitumba, na mahali pa watoto kufanyia kazi za shule na muziki, na mashine za kufulia.

Mashine za kufulia ndizo nilizozijua mimi. Mzee wangu alikuwa anachafua mashuka, kwa hali yake, na mashine ya nyumbani iliharibika wakati wa baridi kali. Nikabeba mfuko mpaka Llanfair. Nikakuta akina mama wanne wamekaa, nguo zinazunguka, chai mkononi, wanabishana kuhusu mtoto wa mtu. Nikanyamaza kama mgeni. Mmoja akaniuliza nguo za nani. Nikamtaja mzee. Akasimama, akanyanyua shuka, akalitazama, akasema, "Hili nililikuta siku ya harusi yao," akaliweka yeye mwenyewe mashineni na maji ya joto analolijua yeye. Tangu siku hiyo sikuwa mgeni. Nikichelewa basi, wao ndio waliomfungulia mzee mapazia.

Nimekaa mitaa ya Cardiff yenye nyumba za bei mbaya, sikumbuki jirani aliyejua mashuka yangu.

Na kuna la kushangaza zaidi. Llanfair ilipokea vijana wa kujitolea kutoka nchi nyingi, wakakaa mlimani na kufanya kazi na watoto. Miongoni mwao walitoka Madagaska, hawa jirani zetu wa ng'ambo ya Msumbiji. Mnajua sababu? Mwaka 1818 vijana wawili wa Kiwelisi, David Jones na Thomas Bevan, walisafiri kwenda Madagaska kuhubiri. Homa ikamuua Bevan na familia yake mapema, na ya Jones pia, yeye peke yake akabaki. Kazi ile ilizaa Biblia ya Kimalagasi iliyokamilika mwaka 1835. Sasa wajukuu wa waliohubiriwa wakarudi na kuwakuta wajukuu wa waliohubiri, juu ya mlima wenye ukungu, mashine za kufulia zikizunguka. Mimi nilisimuliwa mkahawani nikiwa nasubiri mashuka. Waliotumia neno deni walikuwa Wawelisi wenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 2007 nyumba za kaunsili eneo lile zilihamishwa kutoka Halmashauri ya Rhondda Cynon Taf kwenda shirika jipya la nyumba, ambalo tangu 2016 linaitwa Trivallis. Haki ya kununua nyumba za aina hii imefutwa Wales nzima tangu Januari 2019, jambo ambalo kwa maoni yangu lilichelewa miaka thelathini. Sasa upo mpango wa kuijenga Penrhys upya. Waliobaki wana maoni yao, na hawafanani. Wapo wanaosema afadhali, madirisha yanavuja. Wapo wanaosema tumeshahamishwa mara moja kwa ahadi. Jumamosi mtakunywa nao chai, waulizeni wenyewe, msiniulize mimi. Na tafadhali msipige picha nyumba ya mtu bila kuomba. Wamepigwa picha vya kutosha.

Mambo machache ya safari. Wale mashujaa mnaotaka kwenda kwa miguu kama mahujaji wa kale, ipo njia yenye alama kutoka kanisa kuu la Llandaff mpaka Penrhys, maili 21. Nawatakia heri, mimi napanda basi. Vaeni viatu vya kushika ardhi na koti la mvua lenye kofia, maana mwavuli kule unageuka bakuli. Kwenye kipilefti cha juu ndipo tutashuka, na huyo mwanamke wa jiwe mtamwona kabla ya kitu kingine, kama hakuna ukungu. Msikimbie.

Tukifika kwenye sanamu, geukeni mtazame upande wa Tylorstown. Mtaona kilima kilichochongoka ambacho wenyeji wanakiita Old Smokey. Si kilima, ni kifusi cha mgodi. Na ubavuni mwa mlima wa ng'ambo mtaona kovu: Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyoitwa Dennis, kifusi kiliporomoka pale, tani kama 60,000, kikafika mtoni. Bahati hakikuua mtu. Kwa watu wa Wales hiyo si habari ndogo. Aberfan, mwaka 1966, kifusi kama hicho kiliua watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Ni miaka ileile Penrhys ilipokuwa inajengwa. Mzee wangu aliniambia kila mkewe alipoikumbuka Aberfan, aliacha kunung'unika kuhusu upepo. Alisema afadhali kukaa juu.

Mzee mwenyewe hakufa kwenye fleti ile ya bafu. Safu yake ilibomolewa, akapewa nyumba nyingine mita mia mbili kutoka pale, na kiti chake alikielekeza dirishani. Nilipokuwa namvalisha soksi alikuwa akinyoosha kidole kwenye majani na kusema bafu la mke wangu lilikuwa pale, alipo kondoo yule. Kondoo akisogea, mzee alikasirika.

Mahali penyewe napajua. Nitawaonyesha. Basi linaondoka saa mbili kamili asubuhi, na nikisema saa mbili sina maana ya saa nne.